Karatasi Niliyomsomea Mama Furaha

Mama Furaha alikufa Jumanne, kabla ya saa sita mchana, katika chumba kilekile cha mbao cha mtaa wa Ndosho, hapa Goma, alichoingia akiwa amekimbia vita vya milima ya Masisi zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Kiwanja cha ndege kilikuwa kimefungwa tangu vita hivi vya mwisho vilipoingia mjini, kwa hiyo binti yake alishukia Kigali, akapanda basi hadi Gisenyi, akavuka mpaka kwa miguu akiburuta sanduku. Nilimngoja upande wetu wa kizuizi. Nilimtambua kwa jinsi anavyotembea akitanguliza bega moja, kama mtu anayepenya mlango mwembamba. Uso wake nisingeutambua. Tulipoachana tulikuwa wasichana wa miaka kumi na saba, na sasa sote wawili tuna mvi. Tulikumbatiana pale pale, katikati ya wanawake wenye mizigo ya nyanya, na watu waliotupita walisema pole, pole, wakidhani tunamlilia marehemu. Furaha alikuwa anamlilia mama yake. Mimi nililia kwa jambo jingine, ambalo nilikuwa nimeamua nitamwambia kabla kilio hakijaisha, na ambalo siwezi kulieleza bila kuurudia ule mwaka mmoja.

Ulikuwa mwaka wa wakimbizi wa Rwanda, tisini na nne. Sitaeleza ukoo wangu wala kwa nini nilitolewa Butembo kuja kusoma Goma, wengi tulitolewa. Nilikaa kwa mama mkubwa wangu, katika kiwanja chenye nyumba moja ndefu ya mbao iliyokalia mawe meusi ya volkano, na nyumba hiyo ilikuwa na milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa wetu. Wa pili ulikuwa wa Prof Nsimba, mwalimu wetu wa historia. Wa tatu ulikuwa wa Mama Furaha na binti yake, waliofika mwaka uliotangulia na sufuria moja na kitenge kilichoungua upindo. Mambo yaliyowapata huko milimani hawakuyasimulia, na mama mkubwa alitukataza kuuliza. Alfajiri Mama Furaha alishuka Kituku, ufukoni mwa ziwa, kuchukua kwa wavuvi sambaza, vile visamaki vidogo vya huko, akapita akiziuza mtaani, akarudi jioni na zile zilizobaki. Kwa hiyo sote tulikula sambaza: za kukaanga, za kuchemsha na nyanya, za kuchanganywa na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Tulipika kwenye jiko moja uani na kula bugali kutoka sinia moja, na Prof alikula nasi kwa sababu mke wake alikuwa mbali kupita kiasi.

Prof alikuwa Mukongo wa chini kabisa, wa kule ambako mto mkubwa unaingia baharini. Kati ya kwao na Goma kulikuwa nchi nzima. Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye kitabu, na kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Tulipomsikia akisema "mtu" na "mtoto" tulicheka, kwani sisi ni mutu na mutoto, na yeye alicheka pia. Darasani alifundisha kwa Kifaransa, lakini alipotaka jambo lituingie moyoni aliweka chaki chini na kuhamia Kiswahili. Na mimi nilikuwa wa kwanza katika historia kwa sababu ambayo sikumwambia mtu: ukuta kati ya chumba chake na chetu ulikuwa wa mbao moja, naye alizoea kulifanyia mazoezi somo la kesho kwa sauti, akizunguka chumbani kabla ya chakula cha jioni. Kila somo nililisikia mara mbili. Muhula ulipofika katikati nilianza kushindwa na Furaha, nikashangaa mno, mpaka siku moja nilipofikiri kidogo nikakumbuka kwamba chumba cha Prof kina kuta mbili.

Mwaka ule alitufundisha safari za Wazungu wa kwanza baharini. Ukuta wa nyuma wa darasa aliuchora ramani kubwa kwa chokaa na makaa: Ulaya juu, kama mkono uliokunjwa, na Afrika yetu chini yake, nene, bila kitu ndani. "Wao waliiona hivi," alisema. "Ukingo tu. Katikati hawakujua kuna nini, na hawakujali. Walitaka kuizunguka ili wafike kwenye pilipili manga na mdalasini." Majina ya manahodha hakutuandikia ubaoni. Alisema yamo katika vitabu, yatatungoja, hayana haraka. Alitueleza badala yake jinsi mabaharia Wareno, wakiteremka pwani mwaka baada ya mwaka, siku moja walivyochota maji ya bahari wakayakuta si ya chumvi. Nchi kavu ilikuwa haijaonekana bado. Maji yalikuwa ya rangi ya matope, na visiwa vya nyasi vikielea juu yake. Ulikuwa mto wetu, ukiwapokea ndani kabisa ya bahari. Waliingia mlangoni mwake, wakasimamisha nguzo ya jiwe yenye msalaba, wakadhani wamepata njia ya mkato.

"Sasa sikilizeni," alisema Prof, na tulijua chaki imewekwa chini. "Nahodha aliwatuma watu wake bara, kwa mfalme wa Kongo, na zawadi. Akangoja. Hawakurudi. Basi wenyeji wanne waliopanda merikebuni kutazama, akawashika. Wanne. Akang'oa nanga. Kwa nini aliwashika? Kavira?"

Nilijua jibu, nililisikia ukutani. "Ili warudishiwe watu wake."

"Hiyo ni sababu ya kwanza. Furaha?"

"Alitaka midomo," Furaha alisema.

Nami nilikuwa nimelisikia neno hilo kupitia ukuta, ila nililiona dogo nikaliacha. Prof alimtazama kwa furaha isiyofichika. "Alitaka midomo," akarudia. "Njia ya baharini haifunguliwi na tanga peke yake. Unafika pwani, na huwezi kuomba hata maji. Aliwapeleka kwao, wakafundishwa Kireno, wakavikwa nguo nzuri. Lakini aliacha ahadi pwani: baada ya miezi kumi na mitano nitawarudisha. Na aliwarudisha. Mimi ni mtoto wa pwani ile. Mambo mengi ya watu wale siwasamehei, lakini hesabu ya miezi waliitimiza." Kisha akatuambia safari iliyofuata walipanda mto hadi kwenye maporomoko, ambapo hakuna chombo kinachopita, wakachonga majina yao juu ya mwamba wakageuka. Alipokuwa mtoto alifika pale na baba yake. Alitia kidole katika herufi zile. Kando ya majina mengine, alisema, kumechongwa msalaba, alama ya waliokufa.

Alitupa kazi ya kuandika: waliobaki pwani walifanya nini katika miezi ile? Mimi niliandika kurasa tatu juu ya mfalme na baraza lake. Furaha aliandika ukurasa mmoja tu. Ulikuwa juu ya mama wa mmoja wa wale wanne, aliyehesabu miezi kwa kufunga mafundo kwenye kamba, na mafundo yalipotimia, akafungua moja, ili asiwe mtu wa kusema kwamba siku imefika na mtoto hayupo. Prof aliusoma mbele ya darasa. Alipomaliza alisimama kitambo akiutazama mlango, na nadhani alikuwa anamwona mke wake. Furaha alikuwa rafiki yangu. Tulisukana nywele, tuliazimana viatu. Na siku ile nilimchukia kwa muda wa somo zima.

Mwezi wa saba wakimbizi walivuka. Wengine wameandika idadi yao. Mimi nakumbuka sauti. Tulikuwa uani tukichambua maharage, na kulisikika kitu kama mvua ya mbali inayokuja bila upepo. Mama mkubwa alitazama mbingu, zilikuwa safi. Zilikuwa nyayo. Walipita barabarani siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata, wakiwa na magodoro na mbuzi na wazee juu ya migongo, na hawakuwa wakizungumza. "Mungu wangu," mama mkubwa alisema, "bale batu bote batalala wapi?" Walilala kila mahali. Walilala katika kiwanja cha shule yetu, kisha ndani ya madarasa. Madawati yakawa kuni. Prof alikwenda kila asubuhi. Alisema anakwenda kulinda ramani, na sisi tulijua kwamba anakwenda kubeba maji. Juma halikupita, ugonjwa ukaanza. Watu walikunywa ziwa, na ziwa lilikuwa limeharibika. Asubuhi ulikuta kando ya barabara mikeka imeviringishwa, na ukatambua kwa urefu kama ndani ni mtu mzima au mtoto.

Wazungu walikuja na mahema na ndege, na kitu cha kwanza walichotafuta baada ya maji kilikuwa midomo. Nasema hivi leo. Wakati ule hatukulifikiria. Walipita mitaani wakiuliza nani anajua Kifaransa na Kinyarwanda. Mimi Kinyarwanda sikukijua. Furaha alikijua tangu utoto kule milimani, pamoja na Kihunde na Kiswahili, na Kifaransa chake kilikuwa kizuri kama changu. Walimpa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na wakampeleka kwenye mahema ya wagonjwa, Munigi. Prof hakumkataza. Alisema tu, akikata tonge, "Mkalimani hubeba maneno ya pande mbili, mwanangu. Uwe unayaweka chini mahali."

Furaha hakupata mahali pa kuyaweka. Jioni alirudi mikono ikinuka dawa ya klori, akanawa, akanawa tena, akakaa kwenye sinia bila kula. Mara moja tu alisema kitu. Mama yake alikuwa amemsogezea samaki, na Furaha akausukuma mkono wake polepole. "Mama, leo nimesema 'ninakufa' mara mingi sana. Je meurs, je meurs. Bo banasema, mimi narudilia kwa sauti yangu. Kuko muzee mumoja alisema, 'Mwambie bibi yangu nimeenda kuteka maji.' Nikamwambia nesi ile neno. Nesi akaniuliza, bibi yake iko wapi? Bibi yake alikuwa pembeni yake, alikufa asubuhi." Mama Furaha alichukua tonge, akalitia ndani ya mkono wa binti yake, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili kama unavyofunga mkono wa mtoto mdogo.

Sasa nafika kwenye karatasi. Siku moja, mchana, nesi aliyefanya kazi na Furaha alikuja naye kiwanjani kwetu kwa gari. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na sina neno baya la kusema juu yake. Kulikuwa na watoto kadhaa wasio na wazazi, wagonjwa wa kupasuliwa, ambao wangepelekwa Ubelgiji kwa ndege kesho yake. Hawakujua lugha yoyote ila ya kwao. Alihitajika mtu wa kusema nao, na watoto walikuwa wamemzoea Furaha. Kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka kumi na minane, mama alitakiwa kukubali kwa karatasi. Furaha alikuwa ameingia chumbani kukusanya nguo, nesi hakujua Kiswahili, na Mama Furaha hakujua kusoma. Alikuwa amechutama jikoni, moshi ukimpata usoni. Alinipa karatasi mimi.

"Kavira, mutoto wangu, nisomee. Banasema nini?"

Nilimsomea vizuri. Jina la hospitali, watoto ni wangapi, nani atamlisha, nani atamtunza. Kila kitu kilikuwa kweli. Kisha nikafika mwisho, mahali palipoandikwa kwamba atakaa huko jusqu'à ce que la situation permette son retour, yaani mpaka hali itakaporuhusu arudi. Nilinyamaza. Mama Furaha aliinua uso.

"Siku ngapi?"

Ningeweza kusema: mama, hapa hapakuandikwa siku. Maneno hayo ni mafupi. Nikasema, "Majuma matatu."

"Kumeandikwa vile?"

"Njo vile, mama. Majuma matatu."

Alinitazama kidogo. Kisha akapangusa kidole gumba kwenye kitenge, nesi akamfungulia kibati cha wino, naye akabonyeza kidole hicho kwenye karatasi. "Elle a bien compris?" nesi akaniuliza, je, ameelewa vizuri? Nikajibu, "Oui," ndiyo, ameelewa. Karatasi zilikuwa mbili; moja aliachiwa mama, naye akaikunja akaiweka chini ya godoro. Kesho yake asubuhi Furaha aliondoka amevaa viatu vyangu, kwa sababu vyake vilikuwa vimeoza kwa dawa.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilisema uongo ule kwa huruma. Kulikuwa na huruma, kweli. Kipindupindu kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa kiwanja, na rafiki yangu alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Nilijua mama yake hataweza kubonyeza kidole juu ya siku zisizo na hesabu, baada ya yale yaliyompata Masisi. Nilitaka Furaha apone. Lakini nimezeeka, na mtu akizeeka anachoka kujipamba. Nilitaka pia kusikia jina langu likiitwa kwanza darasani. Nilitaka ukuta wa Prof uwe wangu peke yangu. Mambo hayo mawili yalikaa moyoni mwangu kwa amani kabisa, upande kwa upande, na ulimi wangu ukachukua neno moja kwa niaba ya yote mawili.

Juma la tatu lilipotimia, Mama Furaha alioga, akavaa kitenge kisichoungua, akaenda kusimama kwenye uzio wa kiwanja cha ndege. Ndege kubwa zilishuka moja baada ya nyingine, zikitoa magunia na mapipa na Wazungu. Jioni akarudi, akawasha moto, akasema pengine amehesabu vibaya. Kesho yake akaenda tena. Aliacha kuuza samaki. Siku nyingine Prof alimsindikiza, wakasimama wote wawili pale vumbini, mtu wa milimani na mtu wa pwani, wakitazama milango ya ndege ikifunguliwa. Mimi nilibaki nyumbani nikitwanga sombe. Nilitwanga sombe ile hadi mama mkubwa akaniuliza kama ninataka kuifanya unga.

Bila shaka siri ingefichuka siku moja. Mama Furaha alitoa karatasi chini ya godoro akampa Prof aisome, labda kuna jina la ofisi ambayo wangeweza kuiandikia. Niliwasikia kupitia mbao za nyuma. Nilisikia Prof akisoma chinichini kwa Kifaransa, kisha akisema, "Nitawaandikia, mama. Nipe siku chache." Hakumwambia. Alitoka, akanikuta nyuma ya nyumba nikichambua majani, akaketi juu ya jiwe. Alikuwa na ile karatasi mkononi.

"Majuma matatu umeyaona wapi?"

Niliendelea kuchambua majani.

"Wale Wareno niliowafundisha," alisema, "walikuwa wezi wa watu. Nahodha wao aliwashika babu zangu kama kuku. Lakini aliposema miezi kumi na mitano, alijua ni kumi na mitano. Mama yule wa pwani alikuwa na kitu cha kuhesabu. Wewe umempa huyu mama kamba isiyo na mwisho, ukamwambia ina mafundo matatu."

"Prof, nilitaka apone."

"Najua. Ndiyo maana sisemi mimi. Utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo uleule. Nakupa hadi Jumapili, baada ya misa."

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi nilishindwa. Ijumaa asubuhi Prof hakutoka chumbani, na mama mkubwa alipofungua mlango harufu ilimwambia kila kitu. Alikuwa amebeba maji ya watu kwa majuma mengi, na maji yale yalikuwa yamempata. Tulimpakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kijana mmoja akiisukuma, mama mkubwa akimshika kichwa, Mama Furaha na mimi tukishika miguu. Kwenye hema walimtundikia chupa ya maji, sindano ikiwa mkononi. Aliniona. Midomo yake ilikuwa imekauka, alitaka kusema kitu, nami nilisogeza sikio, na kilichotoka kilikuwa Kikongo. Hapakuwa na mtu pale wa kunifasiria. Alikufa Jumamosi.

Nitaandika jambo ambalo sikuwahi kulikiri hata kwa padri. Walipotuambia amekufa, kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu, mbele ya uchungu, kilikuwa nafuu. Kilipita upesi kama panya. Lakini kilipita, na nilikiona.

Kumzika Goma mwaka ule haikuwa kazi rahisi. Ardhi ni mwamba. Jembe linalia, haliingii. Kanisa lilitupa kipande kando ya migomba ambapo udongo ulifika magotini, tukamlaza hapo na kumjazia mawe, Mama Furaha akiyabeba kama mwanamume. Ndiye aliyesema kwamba lazima mke wake aandikiwe, na kwamba mimi ndimi ninayejua kuandika. Nilikaa siku mbili na barua ile. Niliandika alivyougua, saa alizoteseka, kwamba maneno yake ya mwisho sikuyaelewa, na kwamba kaburi lake ni la mawe. Sikupunguza kitu. Niliikabidhi kwa mfanyabiashara aliyekuwa anaruka Kinshasa. Hakuna jibu lililokuja, na sijui kama ilifika. Shule ilipofunguliwa tena, ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa moshi wa majiko, na kwenye ile ramani ya Prof hakikusalia hata kipande cha pwani. Katika historia nilikuwa wa kwanza.

Jumapili ile sikumwambia Mama Furaha, wala Jumapili nyingine yoyote. Badala yake nilimpikia. Niliolewa, nikazaa, vita vilipita juu yetu vikaenda vikarudi, mama mkubwa akafa, nami kila juma nilikwenda kwenye mlango wa tatu na sufuria iliyofunikwa. Barua za Furaha zilianza kufika kwa mikono ya wasafiri. Simu zilipokuja, waliongea kila Jumapili. Furaha alikuwa amesoma, amekuwa nesi, ameolewa, ameachika. Mwanzoni hakuwa na karatasi za kurudi, kisha akawa nazo na hakurudi. Kila mara mama yake alimaliza mazungumzo kwa maneno yaleyale, akicheka: "Basi, majuma matatu ikiisha, utanikuta." Nilikuwa nikikaa karibu nikisikia kicheko kile, nikiangalia vidole vyangu.

Siku ya pili ya kilio, wanawake wakiwa ndani wakiimba, nilimwita Furaha nyuma ya nyumba, nikamwambia. Nilimwambia yote, karatasi na wivu na Prof na Jumapili. Alisikiliza akiwa amejikunyata ndani ya koti lake la Ulaya, ingawa hakukuwa na baridi.

"Kavira," alisema, "nilikuwa nyuma ya mulango. Nilikusikia."

"Ulisikia?"

"Niliisoma ile karatasi kabla yako. Nesi alinionyesha ndani ya gari. Nilisimama na nguo mukononi, nikaomba Mungu, 'Asimwambie.' Na weye ukasema majuma matatu. Tangu siku ile nilikaa naona ni miye nilisema." Alipangusa pua. "Nilimwambia mama siku ya kwanza ya simu. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Minajua. Nilimuona Kavira ananyamaza. Kama ningeuliza tena, ningekukataza kwenda.'"

Nilikaa juu ya jiwe. Miaka yote ile ya sufuria zilizofunikwa, alikuwa anajua, akanipokea, akaniuliza habari za watoto wangu. Ningependa kuandika kwamba mzigo ulinidondoka. Haukudondoka. Sisi watatu tulijua na tukanyamaza, kila mmoja kwa upendo wake na kwa woga wake. Prof peke yake ndiye aliyetaka neno la kweli lisemwe katika kiwanja kile, na alikufa akilingoja.

"Nilipopata karatasi za kurudia," Furaha alisema, "niliogopa kumutazama. Kila mwaka nilisema mwaka ujao." Kisha akanigeukia. "Ulikuwa naye ile Jumanne. Nielezee vile ilikuwa. Usinipunguzie hata neno moja."

Basi nikamweleza. Asubuhi alikataa uji. Saa tatu pumzi ilianza kukatika, na mikono ikawa baridi mpaka kwenye viwiko. Hakumtaja Mungu, hakuomba padri. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Akaita, "Furaha." Akaita tena. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya kuogopa, kama mtu aliyempoteza mtoto sokoni.

"Ukafanya nini?"

"Niliitika kama ni wewe," nikasema. "Nisamehe. Nilisema, 'Ndiyo, mama, niko hapa.'"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Umekula?'"

Hapo ndipo alipopasuka. Alilia kwa sauti kubwa, kama wanavyolia watu wa milimani kwao, na nyimbo ndani zikakatika, na wanawake wakatoka mmoja mmoja, wakamshika mikono na mabega, wakamwingiza nyumbani.